Bomba la Majitaka: Sehemu ya Mwenye Nyumba Inaishia Wapi?

Mvua za masika zinaponyesha kwa siku tatu mfululizo, si ajabu katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam kuona mfuniko wa chemba umenyanyuka na majitaka yakitiririka barabarani. Mwenye nyumba iliyo karibu husema kwamba chemba hiyo ni mali ya mamlaka ya maji. Mtumishi wa mamlaka akifika husema kwamba bomba limeziba ndani ya kiwanja, na kwa hiyo ni shauri la mwenye nyumba. Jirani wa upande wa chini, ambaye ndiye anayepitiwa mlangoni na uchafu huo, huwalaumu wote wawili. Siku hupita, na watoto huyavuka maji yale wakienda shuleni.

Ugomvi wa namna hii huonekana kuwa wa kisheria tu. Kwa hakika sehemu yake kubwa yaweza kuamuliwa kwa elimu ya fizikia na kemia inayofundishwa katika shule za sekondari, maana bomba la majitaka halina siri: hutii nguvu ya uvutano wa dunia, na hulipiza kila kosa linalotendwa juu yake. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba kosa likitendwa katika kiwanja kimoja, adhabu yake mara nyingi huonekana katika kiwanja kingine.

Majitaka ya nyumba iliyounganishwa na bomba la mji hupita katika sehemu tatu. Ya kwanza ni mabomba madogo ya chooni, bafuni na jikoni. Ya pili ni bomba la nyumba, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 100, yaani bomba ambalo mafundi hulijua kwa jina la inchi nne; hilo hupita chini ya ua na kukatizwa hapa na pale na chemba za kukagulia. Ya tatu ni bomba la mji lililolazwa mtaani, ambalo hukusanya majitaka ya nyumba nyingi na kuyapeleka baharini au kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti mjini Dar es Salaam na ya Ruai, mashariki mwa Nairobi. Kanuni ya kawaida katika miji ya Tanzania na Kenya ni kwamba sehemu mbili za kwanza hutunzwa na kutengenezwa na mwenye nyumba kwa gharama yake, hadi mahali pa kuungia. Na kuanzia hapo mzigo ni wa mamlaka. Mahali penyewe pa kuungia hutajwa katika mkataba wa huduma, karatasi ambayo watu wengi huitia sahihi bila kuisoma.

Hata hivyo, nyumba zilizounganishwa na bomba la mji ni chache. Nyumba nyingi zaidi za Dar es Salaam hutumia mashimo ya vyoo au makaro. Huko swali la mpaka halitokei, kwa sababu kila kitu, toka chooni hadi shimo la mwisho linalonyonya maji, ni mali ya mwenye nyumba na wajibu wake.

Maji Hayasukumwi

Maji safi hufika bombani kwa kusukumwa na pampu au kwa uzito wa maji yaliyo katika tangi la juu. Majitaka hayasukumwi na kitu. Hutelemka yenyewe, na bomba lake halijai ila kwa nadra. Maji hupita chini na hewa hukaa juu. Kwa hiyo jambo la kwanza katika bomba la majitaka ni mteremko wake.

Uzoefu wa wahandisi umeonyesha kwamba maji yakienda kwa kasi ya mita 0.6 hivi kwa sekunde huweza kuchukua mchanga na vitu vizito na kulisafisha bomba yanapopita. Yakienda polepole kuliko hapo, uzito huachwa nyuma na kutuama. Mafundi wa zamani wa Uingereza waliiweka elimu hiyo katika kanuni fupi: kipenyo cha bomba kwa inchi huzidishwa mara kumi, na jibu ndiyo mteremko. Bomba la inchi nne lishuke kipimo kimoja katika vipimo arobaini, la inchi sita kimoja katika sitini, na la inchi tisa kimoja katika tisini. Kwa kanuni hiyo, bomba la inchi nne lenye urefu wa mita 18, toka chooni hadi mpakani mwa kiwanja, hapana budi lishuke sentimita 45. Fundi akilaza bomba kwa kukadiria kwa jicho, bila kamba wala kipimo cha maji, ni rahisi akose nusu ya kiasi hicho. Na kosa likishafukiwa hakuna alionaye.

Lakini mteremko peke yake hautoshi; lazima maji yenyewe yawepo. Choo cha kuvuta kilibuniwa kwa ajili ya nyumba zenye maji wakati wote. Pale ambapo maji hutoka kwa zamu, na choo humwagiwa kopo moja au mawili, kinyesi husogea mita chache tu kisha kikatulia na kuanza kukauka kikingojea kopo jingine. Kwa hiyo nyumba isiyo na maji ya kutosha ina haja kubwa zaidi ya bomba fupi, lililonyooka, lenye mteremko mzuri na ndani laini, kuliko nyumba yenye maji tele. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na wajenzi, ambao hukipeleka choo kona ya mbali ya nyumba na bomba likazunguka pembe tatu kabla ya kufika barabarani.

Kila pembe ni mahali pa kukwama. Ndiyo maana kanuni za ujenzi hutaka chemba katika kila mahali ambapo bomba linabadili mwelekeo au linapokutana na jingine. Chemba si pambo wala hila ya fundi ya kuongeza saruji. Ni dirisha pekee alilo nalo mwenye nyumba la kuangalia kile anachokimiliki chini ya ardhi. Mwenye nyumba anayemwaga zege juu ya mfuniko ili apate mahali pa kuegeshea gari amejipofusha kwa mkono wake.

Kona Inayozuia Harufu

Chini ya kila sinki na kila choo pana kona ya bomba ambayo daima hubaki na maji ndani yake. Mnamo mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa mzaliwa wa Scotland, alipewa hataza mjini London kwa choo chenye bomba lililopindwa mfano wa herufi S. Maji yanayobaki katika mpindo huo, ambayo kina chake huwa milimita 50 hivi, ndiyo yanayotenga hewa ya nyumba na hewa ya mtaro. Kizuizi hicho ni cha ajabu kwa urahisi wake: hakina kitasa wala chuma cha kuvunjika, na hujirudisha kila choo kinapotumiwa.

Udhaifu wake ni aina mbili. Bafu lisilotumiwa kwa majuma kadhaa hukaukiwa maji yale, na harufu ikaingia. Dawa yake ni kumwaga ndoo moja ya maji. Udhaifu wa pili waweza kuonyeshwa darasani kwa kipande cha mpira mwangavu chenye urefu wa mita moja. Mpira ukipindwa kama herufi S na kutiliwa maji kidogo, maji hubaki katika mpindo wa chini, na mtu akipuliza taratibu kutoka mwisho wa pili pumzi yake huzuiwa. Lakini maji mengi yakimiminwa kwa mkupuo hadi mpira ukajaa, hunyonywa yote, hata yale yaliyopaswa kubaki. Sasa kitobo kitobolewe juu ya mpindo wa pili, na jaribio lirudiwe: hewa huingia kitoboni, mnyonyo hukatika, na maji ya kizuizi husalia. Kitobo hicho ndicho bomba la kupumulia ambalo huonekana likipanda ukutani na kupita juu ya paa. Wenye nyumba wengi huliona bomba hilo kuwa la bure, na likivunjika hawalirudishi. Kisha hushangaa kwa nini choo hunguruma na bafu hunuka.

Vitu Vinavyoziba

Mafuta ya kupikia yanapomiminwa katika sinki yakiwa ya moto hupita kama maji. Mita chache mbele hukutana na bomba lililo baridi. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Sentigredi. Hayo hayana taabu nyingi katika joto la pwani, lakini Arusha au Mbeya wakati wa usiku huganda bila shida. Mafuta ya ng’ombe huganda hata mchana wa Dar es Salaam. Si kuganda tu. Mafuta yaliyooza hutoa asidi, nazo huungana na kalisi iliyomo katika maji na katika saruji ya bomba, zikafanya sabuni isiyoyeyuka. Mwanafunzi aliyepata kufua nguo kwa maji magumu ameiona sabuni hiyo ikielea kama maganda meupe. Ndani ya bomba hujijenga tabaka juu ya tabaka hadi ikawa ngumu kama jiwe. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London lilikutwa donge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Donge lile halikumwagwa na kiwanda kimoja. Lilitoka kwenye masinki na vyoo vya watu na mikahawa, kidogo kidogo.

Adui wa pili katika nyumba za Afrika Mashariki ni mchanga. Masufuria yaliyoota masizi husuguliwa kwa mchanga na majivu, na maji yake humwagwa bafuni au katika sinki la uani. Mchanga una uzito zaidi ya mara mbili na nusu ya maji, wala hauozi. Hutulia chini ya bomba, ukapunguza nafasi, na kila kinachopita juu yake hukwaruzwa na kushikwa. Baada yake huja magunzi, karatasi za magazeti, vitambaa, nepi na taulo za akina mama. Vitu hivi havipaswi hata kidogo kutupwa chooni, lakini hutupwa kwa sababu nyumba haikuwekewa pipa la taka ndani ya choo. Uzembe wa nusu saa wa mwenye nyumba humgharimu kazi ya siku mbili.

Mizizi nayo huja kwa njia yake. Mti hauna macho ya kuliona bomba, lakini udongo ulio karibu na kiungo kinachovuja huwa na unyevu na rutuba, na mizizi iliyofika hapo hustawi na kuongezeka. Unyuzi mwembamba kama uzi hupenya katika ufa, kisha hunenepa ukapasua kiungo na kutanda ndani kama nywele. Mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma na ya saruji, ambayo viungo vyake ni vingi, hupatwa zaidi kuliko mabomba ya plastiki. Mkuyu na jamaa zake wote wasipandwe karibu na njia ya bomba.

Maji ya Paa

Katika miji mingi bomba la majitaka halikukusudiwa kupokea maji ya mvua. Hayo yana mitaro yake. Lakini mwenye nyumba aliyechoshwa na dimbwi uani huona chemba ipo karibu, akaelekeza humo mfereji wa paa. Mara nyingi hufanya hivyo bila nia mbaya, na ua wake hukauka. Hesabu ifuatayo yaonyesha kinachotokea.

Paa lenye eneo la mita za mraba 100, likinyeshewa mvua ya milimita 50, hukusanya mita 5 za ujazo, yaani lita 5,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, hutoa lita 480. Kwa hiyo mvua moja huingiza bombani maji ambayo familia ingeyatoa kwa siku zaidi ya kumi. Mvua hiyo ikinyesha kwa saa moja, paa hutoa lita 1.4 kwa kila sekunde. Bomba la inchi nne lenye mteremko wa kimoja kwa arobaini laweza kupitisha lita nane hivi kwa sekunde. Hivyo bomba la mwenye paa halijai, naye haoni dalili yoyote ya madhara. Lakini bomba la mtaani la inchi sita, lenye mteremko wa kimoja kwa sitini, hupitisha lita 20 hivi tu kwa sekunde. Nyumba 20 zikifanya vivyo hivyo, huleta lita 28. Ziada haina pa kwenda ila kupanda juu kwa chemba iliyo chini kuliko zote, au kuingia kinyumenyume katika choo cha nyumba iliyo bondeni. Mwenye nyumba hiyo huenda hana mfereji wa paa hata mmoja.

Mahali hapa ndipo ulipo ugumu wa neno “bomba langu”. Mipaka ya mali hukatwa kwa ukuta na hati, lakini maji yaliyomo hayakatwi.

Kuvuja nako kuna hatari yake. Bomba la majitaka na bomba la maji safi mara nyingi hulazwa katika handaki moja kwa ajili ya kupunguza kazi ya kuchimba. Maji safi yanapokuwa na nguvu, ufa wa bomba lake hutoa maji nje. Yanapokatwa, na watu wa mabondeni wakafungua bomba na kuyamaliza yaliyobaki, ndani ya bomba huwa na mnyonyo, na ufa uleule huvuta kilicho nje. Kama nje pana udongo uliolowa majitaka, wadudu wa kipindupindu na wa homa ya matumbo huingia katika mtungi wa kunywea. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mnamo Agosti 1

5 mwaka 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Tanzania na kuwapata watu zaidi ya 20,000 kabla ya kutulizwa. Hapana anayeweza kusema kwamba ugonjwa huo ulitokana na mabomba pekee, kwani visima, vyakula na mikono michafu navyo vina sehemu. Lakini ufa katika handaki ni mojawapo ya njia ambazo mwenye nyumba ana uwezo wa kuifunga.

Gesi Inayoua

Bomba likiziba na majitaka yakalala, oksijeni iliyomo huisha upesi. Bakteria wasiohitaji oksijeni hushika kazi, na baadhi yao huibadili salfeti iliyo katika maji kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inukayo kama yai viza. Gesi hiyo hupanda katika nafasi iliyo juu ya maji, na kwenye dari la bomba bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa asidi ya salfuri. Asidi hula saruji. Ndiyo sababu bomba la saruji lililooza huwa zima chini, ambako maji hupita kila siku, na hubomoka juu, ambako hayafiki.

Kwa binadamu gesi hiyo ni sumu kali. Uzito wa molekuli yake ni 34, na wa hewa kwa wastani ni 29. Kwa hiyo ni nzito kuliko hewa na huweza kutuama katika chemba au karo. Jambo la kutisha ni kwamba harufu yake haiaminiki. Ikifikia sehemu 100 hivi katika milioni moja za hewa, hupumbaza mishipa ya kunusa, na mtu hudhani kwamba imekwisha. Ikizidi sehemu mia kadhaa, huangusha mtu kwa muda mfupi sana na kumwua. Katika nchi nyingi imetukia mara kwa mara kwamba fundi mmoja ameingia ndani ya karo akaanguka, wa pili akashuka kumwokoa akaanguka, na wa tatu vivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye nyumba hana ruhusa, hata kwa kuokoa fedha, kumwajiri kijana wa kuteremka katika chemba yenye kina au karo. Uzibuaji wa nyumbani hufanywa kutoka juu, kwa fito za kuunganisha. Na karo hunyonywa kwa gari. Mfuniko ukifunguliwa, moto na sigara viwekwe mbali, kwa sababu methani nayo humo.

Karo lenyewe lastahili maneno machache. Ndani yake uzito hushuka chini ukawa tope, mafuta huelea juu yakawa utando, na maji ya katikati hutoka kwenda katika shimo la kunyonya. Tope na utando vikifikia theluthi moja ya kina, karo linyonywe. Kwa familia ya kawaida hilo hutokea kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Mwenye nyumba anayengoja mpaka litapike amekwisha kuliharibu shimo la kunyonya, maana tope limepita na kuziba vitundu vya udongo, na udongo ulioziba hauzibuliwi kwa fito.

Mpaka Uwekwe Wapi

Kwamba mpaka wa wajibu si kitu cha asili bali huwekwa na watu, yaonekana wazi katika nchi zilizoubadili. Nchini Uingereza sheria ya afya ya mwaka 1936 iliacha mabomba mengi yaliyojengwa kuanzia Oktoba 1937 katika mikono ya wenye nyumba, hata yale yaliyotumiwa na nyumba kadhaa na kupita chini ya bustani za majirani. Watu waliishi juu yake miaka mingi bila kujua kwamba ni yao, mpaka siku yalipoziba na kila mmoja kutakiwa atoe fungu lake. Tarehe 1 Oktoba 2011 mabomba hayo ya pamoja, katika England na Wales, yalihamishiwa kwa makampuni ya maji. Tangu hapo mwenye nyumba amebakiwa na lile bomba linalohudumia nyumba yake peke yake, tena ndani ya mpaka wa kiwanja chake. Sababu ya mageuzi hayo ni rahisi kueleweka: bomba la wengi lisilo na msimamizi ni bomba lisilo na mwenyewe.

Katika mji wa Karachi, Pakistan, mambo yalikwenda upande wa pili. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi katika Orangi, mtaa mkubwa uliojengwa bila mpango na bila mabomba ya majitaka. Wakazi walikuwa wakiingoja serikali. Mradi ukawaonyesha kwamba kazi yaweza kugawanywa: choo cha nyumba na bomba la kichochoro vijengwe na kutunzwa na wenye nyumba wenyewe, nyumba 20 hadi 40 kwa kichochoro kimoja, kwa fedha zao na kwa msaada wa ushauri wa kiufundi, na mabomba makubwa pamoja na mahali pa kusafishia yawe juu ya serikali. Vichochoro vingi vilijengwa kwa njia hiyo, na gharama ilikuwa ndogo sana kuliko ile ya makandarasi. Mpaka uliwekwa mbali zaidi kuliko ukuta wa nyumba, nao ukakubalika, kwa kuwa walioubeba waliupanga wao na walijua bomba lilipolazwa.

Nchini Tanzania swali hilo limekuwa zito zaidi katika majengo ya ghorofa ambayo kila sehemu yake ina mwenyewe. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inavitambua vitu vya pamoja na ushirika wa wenye sehemu wa kuvisimamia. Bomba la kusimama linalopokea vyoo vya ghorofa zote ni mfano bora wa kitu cha pamoja. Anayeishi juu ndiye anayelitumia bila taabu, na anayeishi chini ndiye anayepandiwa na uchafu. Wakiachiwa wawili hao wapatane kila linapoziba, hawatapatana.

Kwa nyumba ya kawaida, kabla ya kumwita mtu yeyote au kumlaumu jirani, mwenye nyumba anaweza kutafuta mwenyewe mahali penye kosa kwa kufunua mifuniko tu, pasipo kuingia. Ichukuliwe kwamba pana chemba tatu: moja karibu na choo, ya pili mpakani mwa kiwanja, na ya tatu mtaani, ambayo hufunuliwa na mtumishi wa mamlaka. Ikiwa ya kwanza imejaa na ya pili ni kavu, bomba limeziba kati yao, na kazi ni ya mwenye nyumba bila shaka. Ikiwa ya pili imejaa, na maji ya mtaani yanapita vizuri, basi kosa limo katika kipande cha kuungia, na mkataba ndio utakaosema ni cha nani. Ikiwa zote tatu zimejaa, kizuizi kiko mbele, katika bomba la mji, na mwenye nyumba hana analoweza kulifanya kwa fito zake isipokuwa kutoa taarifa na kuwaomba watu wa nyumbani wapunguze maji. Na ikiwa zote hujaa mvua inyeshapo tu, kisha zikapungua zenyewe kukikauka, hakuna kilichoziba popote. Hapo fundi hahitajiki; kinachohitajika ni mtu wa kupita mtaani, nyumba baada ya nyumba, akitazama mifereji ya paa inateremkia wapi.